Mizani ya Mtandao: Nani Anapima, na Anapimia Wapi?



Kila mchuma chai anajua thamani ya mizani. Kilo moja ikipunjwa asubuhi na nyingine jioni, mwisho wa mwezi mshahara umepungua wala hakuna wa kuulizwa. Ndiyo maana wachumaji hudai kusimama karibu na mizani na kuona kwa macho yao mshale umesimama wapi. Na ndiyo maana serikali zina maofisa wa vipimo wa kuikagua mizani yenyewe.

Lakini iko bidhaa nyingine ambayo tunainunua kila siku, nayo wengi wetu hatujauliza mizani yake iko wapi. Bidhaa hiyo ni mtandao wa simu.

Wazee wetu waliita mawasiliano yasiyo na waya "simu ya upepo", na siku zile yalikuwa mambo ya posta, reli, meli na polisi. Leo simu hiyo imo mfukoni mwa mfanyakazi. Nchini Kenya huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007, Tanzania ikafuata mwaka 2008, na Uganda ikapata huduma yake ya fedha kwa simu mwaka 2009. Kwa njia hiyo wengi wetu sasa tunapokea mshahara, tunalipa ada za watoto na kutuma matumizi nyumbani. Aidha, simu ndiyo njia ya kuita msaada mtu anapoumia kazini. Mkata mkonge akijikata mguu katikati ya shamba, au mpuliza dawa akizidiwa na sumu, dakika za kwanza ndizo zenye uzito. Simu isiposhika hapo, jambo si usumbufu tena, ni maisha ya mtu.

Katika kurasa hizi za nchi jirani tunaeleza jinsi mtandao unavyopimwa katika Kenya, Uganda na Tanzania, mahali ambapo kipimo hicho hakifiki, na kitu ambacho wafanyakazi wanaweza kukipima wenyewe.

TANGAZO SI KIPIMO

Tangu mwanzo wa simu ya upepo, kusema kwamba mawimbi yamefika ni jambo moja, na kuonyesha kwamba yamefika ni jambo jingine. Tarehe 12 Desemba 1901, Mtaliano Guglielmo Marconi alikuwa Newfoundland, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, akisikiliza ishara zilizotumwa kutoka Poldhu, Uingereza. Alisema amezisikia. Lakini alizisikia kwa sikio tu, yeye na msaidizi wake, na hapakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Wataalamu wengi walitia shaka, na hadi leo wapo wanaobishana juu ya siku hiyo.

Marconi alijifunza. Februari 1902 alipanda meli iitwayo Philadelphia kwenda Marekani, na safari hii alifunga mtambo uliochapa ishara kwenye utepe wa karatasi. Meli ilipozidi kwenda mbali, utepe uliandika wenyewe, na wakuu wa meli walitia sahihi zao kushuhudia. Hapo ndipo lilipojulikana jambo ambalo sikio peke yake lisingeweza kulithibitisha: mchana ishara zilifika kilomita 1,100 hivi tu, lakini usiku ujumbe mzima ulisomeka hadi kilomita 2,500 hivi. Mtambo ulikuwa ule ule na bahari ile ile. Saa ndiyo iliyobadilika.

Katika habari hiyo yamo mambo matatu ambayo mpimaji yeyote wa mtandao hana budi kuyashika hadi leo. Kwanza, kipimo kiandikwe. Pili, pawe na shahidi. Tatu, saa na mahali viandikwe pamoja na kipimo, kwa sababu mtandao wa saa mbili usiku si lazima uwe sawa na ule wa saa sita mchana.

Sasa tuje kwenye ramani za makampuni ya simu, zile zilizopakwa rangi nchi nzima kuonyesha mahali penye mtandao. Wengi hudhani mtu alipita kila mahali akapima, kisha akapaka rangi. Sivyo. Kwa kawaida ramani hizo hutokana na hesabu. Mhandisi huweka katika kompyuta urefu wa mnara, nguvu ya mtambo na umbo la vilima, na kompyuta hukadiria mawimbi yatafika wapi.

Hesabu hizo nazo zilizaliwa na vipimo vya mahali fulani. Mjapani Yoshihisa Okumura na wenzake walizunguka Tokyo na maeneo ya jirani wakiwa na gari lenye mitambo ya kupimia, na mwaka 1968 wakachapisha matokeo yao. Mwaka 1980 Masaharu Hata aliyageuza matokeo hayo kuwa kanuni fupi za hesabu, na kanuni hizo zimetumika na wahandisi duniani kote. Ni kazi ya maana sana, wala hatuidharau. Lakini mikunjo ya Okumura ilichorwa kwa antena iliyokuwa mita 3 kutoka ardhini, na mji wake ulikuwa Tokyo. Bonde la chai lenye mikaratusi kila upande si Tokyo, na simu iliyo mfukoni mwa mchumaji aliyeinama haiko mita 3 juu. Hesabu ya kompyuta ni kama makadirio ya mavuno kabla ya msimu: yanasaidia kupanga, lakini mshahara haulipwi kwa makadirio.

NCHI TATU, WAPIMAJI WATATU

Kila moja ya nchi hizi tatu ina chombo cha serikali cha kusimamia mawasiliano. Uganda ina Tume ya Mawasiliano, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1997. Kenya iliunda tume yake kwa sheria ya mwaka 1998, nayo siku hizi inaitwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Tanzania ina Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, chini ya sheria ya mwaka 2003. Vyombo hivi hutoa leseni, na katika masharti yake mna viwango vya ubora ambavyo kampuni ya simu inapaswa kuvifikia. Kenya imekuwa ikitumia asilimia 80 kuwa alama ya kupita.

Njia inayotumika zaidi ya kupima ni gari. Ndani yake hufungwa simu za kila kampuni, na mtambo wa setilaiti unaoandika gari liko wapi kila sekunde. Gari linapotembea, simu hupiga zenyewe, hukata, na kupiga tena. Mtambo huandika mambo haya: simu ngapi zimeshika na ngapi zimekataa, zimechukua sekunde ngapi kabla ya kuita, ngapi zimekatika katikati ya mazungumzo, sauti ilikuwa safi kiasi gani, na intaneti ilikuwa na kasi gani.

Hata usafi wa sauti una kipimo chake. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limeweka alama kuanzia 1 hadi 5. Alama ya 5 ni sauti nzuri kabisa, na 1 ni mbaya isiyofaa. Zamani watu walikusanywa chumbani wakasikiliza na kutoa alama. Tangu mwaka 2001 ipo njia iliyokubaliwa kimataifa ya kuifanya mashine ilinganishe sauti iliyotumwa na ile iliyopokewa, kisha ikadirie alama ambayo binadamu angeitoa.

Hivyo wapimaji wapo, na mitambo ipo. Wenzetu wengi hawajui hilo, na inafaa lijulikane: ubora wa mtandao si hisani ya kampuni, ni sharti la leseni.

PALE TUNAPOLALA NA PALE TUNAPOFANYIA KAZI

Pamoja na hayo, vipimo hivyo vina mapengo matatu ambayo yanamgusa mfanyakazi wa shamba na wa kiwanda kuliko mtu mwingine yeyote.

Pengo la kwanza ni barabara. Gari la kupimia hupita barabarani, na minara mingi imejengwa ili kuhudumia miji na barabara kuu. Mistari ya kuchumia chai, vitalu vya mkonge na njia za miwa ziko mbali na lami. Gari haliwezi kushuka bondeni kati ya michai, na kwa hiyo bonde hilo haliingii katika hesabu.

Pengo la pili ni maana ya asilimia. Tunaposikia kwamba mtandao umefika kwa asilimia 90 au 95 ya watu, tusidhani umefika katika asilimia hiyo ya ardhi. Ni asilimia ya watu, na watu wamehesabiwa mahali wanapoishi. Kwa maneno mengine, takwimu humhesabu mfanyakazi pale anapolala. Akiwa kambini karibu na mnara, amehesabiwa kuwa na mtandao. Kitalu anachokwenda kufanyia kazi tangu alfajiri hakina mkazi hata mmoja, kwa hiyo katika hesabu hiyo ni kama hakipo. Lakini panga limo kitalu, si kitandani.

Pengo la tatu ni wastani. Tuseme simu mbili tu katika kila 100 zinashindwa. Katika simu 1,000 zitakuwa zimeshindwa 20, na kampuni itapewa alama nzuri. Lakini ikiwa zote 20 zinatoka katika bonde moja, watu wa bonde hilo hawana mtandao wa asilimia 98. Hawana mtandao kabisa. Wastani hufanana na chakula cha kantini kilichogawanywa kwa hesabu ya karatasi: kila mtu amepata sahani moja, kumbe mmoja amekula mbili na mwenzake hajala.

SOMO LA ZIWA

Ziwa Victoria ni la nchi zetu hizi tatu, na lina eneo la kilomita za mraba 68,000 na zaidi. Samaki wanaokatwa katika viwanda vya Mwanza, Kisumu na Entebbe huvuliwa humo na watu walio katika mitumbwi midogo. Mvuvi akikutwa na dhoruba, tegemeo lake ni simu aliyoifunga katika mfuko wa nailoni.

Mwaka 2007 ulitangazwa mpango wa chama cha kimataifa cha makampuni ya simu, GSMA, pamoja na kampuni ya Ericsson na kampuni ya simu iliyokuwa ikifanya kazi katika nchi zote tatu. Nia ilikuwa mawimbi yafike kilomita 20 ndani ya ziwa kutoka ufukweni, ili kufunika sehemu kubwa ya eneo la uvuvi. Ni mpango wa heri. Lakini tuangalie maana ya kilomita hizo kwa mtu aliye ndani ya mtumbwi.

Dunia ni mviringo, na mawimbi ya simu za mkononi husafiri karibu kama mwanga, yaani hayapindi kuufuata mviringo huo isipokuwa kidogo. Mnara wa mita 40 juu ya maji "unaona" kilomita 26 hivi. Simu iliyoshikwa mita 1 juu ya maji "inaona" kilomita 4 hivi. Ukijumlisha, mwisho wake ni kilomita 30 hivi, na hapo maji yawe shwari na mvuvi ameshika simu mkononi. Akiiweka chini ndani ya mtumbwi, nyuma ya ubao uliolowa, au mawimbi ya maji yakiinuka kuliko kichwa chake, kilomita hizo zinapungua.

Iko na mipaka ambayo haihusiani na mviringo wa dunia. Simu za aina ya GSM, yaani 2G, hugawana muda wa kusema na mnara kwa vipande vidogo sana vya sekunde. Simu iliyo mbali, sauti yake huchelewa kufika. Ikipita kilomita 35, huchelewa kiasi cha kuingilia zamu ya simu nyingine, na mnara wa kawaida huikataa hata kama mawimbi yake yana nguvu. Mnara unaweza kutengenezwa maalumu kupita hapo, lakini ni lazima mtu aombe hivyo na alipie.

Hesabu hiyo hiyo inahusu redio za mkononi zinazotumiwa na walinzi na wasimamizi wa mashamba. Katoni huandikwa umbali mkubwa wa kupendeza. Lakini watu wawili walioshika redio mita 1.5 kutoka ardhini, hata juu ya maji matulivu yasiyo na kizuizi, hawaonani kwa mawimbi zaidi ya kilomita 10 hivi. Kilima kimoja kikiingia katikati, au safu ya miti iliyolowa mvua, umbali hupungua sana. Namba ya katoni ilipimwa mahali palipo pazuri kwa redio. Ajali haichagui mahali pazuri.

RAMANI ILIPOKUTANA NA MIZANI

Mtu anaweza kudhani kwamba ramani hukosea kwetu tu kwa sababu nchi zetu hazina uwezo. Tutazame nchi yenye uwezo kuliko zote.

Nchini Marekani serikali ilipanga kutoa fedha, hadi dola bilioni 4.53 kwa miaka 10, ili kupeleka mtandao wa 4G vijijini ambako haukuwapo. Kujua mahali usipokuwapo, ilitumia ramani zilizoletwa na makampuni yenyewe. Kijiji kilichopakwa rangi kwenye ramani kisingepata fedha, kwa kuwa kilihesabiwa kuwa tayari kina mtandao. Watu wa vijijini walilalamika. Mwaka 2018 ofisa mmoja wa serikali ya jimbo dogo la Vermont aliweka simu sita katika gari dogo na kuzunguka barabara za jimbo lake, zaidi ya kilomita 9,000, akipima. Vipimo vyake havikulingana na ramani.

Baadaye tume ya mawasiliano ya nchi nzima, FCC, ilituma watumishi wake katika majimbo 12. Waliendesha karibu kilomita 16,000 na kufanya majaribio 24,649. Desemba 2019 walitoa taarifa yao: mahali ambapo ramani za makampuni matatu ziliahidi kasi fulani ya intaneti, kasi hiyo ilipatikana katika asilimia 62.3 tu ya majaribio ya garini. Kwa maneno mengine, karibu majaribio manne katika kila 10 yaliikana ramani.

Hakuna aliyelazimika kubishana kwa kelele. Mizani ilisema. Na iliwezekana kwa sababu kwanza wananchi walikataa kuikubali rangi ya ramani bila kuona kipimo.

VIJITI VYA KWENYE SIMU

Hapa mwenzetu atauliza: je, vile vijiti vinavyoonekana juu ya kioo cha simu si kipimo? Ni kipimo, lakini kisichoaminika. Hakuna kanuni moja ya dunia inayosema kijiti kimoja ni kiasi gani. Kila mtengenezaji wa simu huamua mwenyewe. Julai 2010 kampuni ya Apple ilikiri hadharani kwamba hesabu iliyokuwa ikiitumia kuonyesha vijiti katika simu zake ilikuwa na makosa, na kwamba mahali pengi simu ilionyesha vijiti viwili zaidi ya ilivyostahili. Simu mbili za aina mbalimbali, zikiwa juu ya meza moja, zinaweza kuonyesha vijiti tofauti.

Kipimo kilicho bora ni namba. Katika simu nyingi za kisasa namba hiyo imo ndani ya mipangilio, sehemu inayoeleza habari za simu yenyewe na hali ya laini, nayo hufuatwa na herufi dBm. Ni namba hasi, na hapo wengi huchanganyikiwa. Kanuni ni hii: namba iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. Hasi 60 ni mtandao wenye nguvu sana. Hasi 85 unatosha kwa kawaida. Kwa simu ya 2G, hasi 102 ndicho kiwango ambacho kanuni za kimataifa huitaka simu ya mkononi iweze kukipokea, na karibu na hapo mazungumzo yanaweza kukatika wakati wowote.

Tena kila hatua ya 10 ni mara 10. Toka hasi 70 hadi hasi 80, nguvu imebaki sehemu moja katika 10. Toka hasi 70 hadi hasi 100, imebaki sehemu moja katika 1,000. Kwa hiyo hatua chache za mfanyakazi kutoka mlango wa kiwanda hadi nyuma ya mashine za kukaushia chai, chini ya mabati, zinaweza kuwa safari ndefu sana kwa mawimbi. Onyo moja: namba za 4G huhesabiwa kwa njia nyingine na kwa kawaida huonekana ndogo zaidi, hivyo tusilinganishe namba ya 2G na ya 4G. Tuandike ni ya aina gani.

JINSI YA KUPIMA WENYEWE

Kazi hii haihitaji mhandisi. Inahitaji daftari, kalamu, saa, simu mbili au tatu, na watu waaminifu. Tunapendekeza tawi lifuate hatua hizi:

1. Chora ramani ya mahali pa kazi kwa mkono. Weka alama mahali penye hatari kwanza: vitalu vya mbali, ghala la dawa, chumba cha boila, mashine za kukata, daraja, josho, bwawa. Mahali hapo ndipo pa kupimia, si ofisini.

2. Pima kwa simu zile zile ambazo wafanyakazi wanazo, na kwa kila kampuni wanayoitumia. Simu ya gharama kubwa ya meneja haitakueleza habari za simu ya vitufe ya mchumaji.

3. Katika kila mahali piga simu 10, na kila moja ipokewe na kuongelewa dakika moja. Simu moja iliyoshika au kukataa haithibitishi kitu. Gawanya kazi kwa siku kadhaa ili gharama isimlemee mtu mmoja.

4. Rudia asubuhi, mchana na jioni. Rudia siku ya mshahara, wakati watu wote wanatoa fedha na mnara umeelemewa. Rudia siku ya mvua.

5. Pima simu ikiwa imeshikwa sikioni, kama inavyotumika. Usipande juu ya jiwe ili upate matokeo mazuri, wala usijifiche nyuma ya tangi ili upate mabaya. Anayechezea mizani huharibu haki yake mwenyewe.

6. Andika kila jaribio: tarehe, saa, mahali, aina ya simu, kampuni, namba ya dBm kama ipo, simu imeshika au la, imekatika au la, na sauti kwa alama 1 hadi 5. Watu wawili watie sahihi.

7. Usifanye majaribio kwa namba za dharura. Ukiziba njia hiyo kwa jaribio, huenda mtu mwingine anaumia.

Kuhusu namba za dharura liko jambo la kujua. Simu za GSM zimetengenezwa ili, mtandao wako usipokuwapo, simu ya dharura kwa namba 112 iweze kupita katika mnara wa kampuni nyingine ulio karibu. Kwa hiyo kioo kikisema hakuna mtandao na mtu yuko hatarini, jaribu 112 kabla ya kukata tamaa. Lakini mahali pasipo mnara wa kampuni yoyote, hata namba hiyo haitasaidia. Ndiyo sababu ya kupima kabla ya ajali.

BAADA YA KUPIMA

Daftari likishajaa, lisibaki kabatini. Lina milango miwili ya kugonga.

Mlango wa kwanza ni mwajiri. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unaeleza kwamba waajiri watakiwe kuweka, pale inapohitajika, mipango ya kukabili dharura na ajali pamoja na huduma ya kwanza. Tanzania ilitunga sheria yake ya usalama na afya mahali pa kazi mwaka 2003, Uganda mwaka 2006 na Kenya mwaka 2007. Sheria ya Kenya inataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kamati kama hiyo ndiyo mahali pa kulifungua daftari. Tusiseme tu "mtandao ni mbaya". Tuseme: katika kitalu fulani, kati ya simu 30 zilizopigwa kwa siku tatu, zilishika 11, na sahihi hizi hapa.

Tusidai mnara tu, kwa kuwa mnara huchukua muda na fedha. Yapo mambo ya siku ile ile. Mahali ambapo simu inashika pajulikane, pawekwe nguzo yenye rangi, na kila mfanyakazi mpya aonyeshwe siku ya kwanza. Msimamizi wa kitalu kisicho na mtandao apewe redio iliyojaribiwa papo hapo kitaluni, ijaribiwe tena kila asubuhi kabla ya kazi. Na pale ambapo hakuna chochote kinachoshika, kuwe na pikipiki na mtu wa zamu anayejua ni wajibu wake kukimbia.

Mlango wa pili ni kampuni ya simu, na ikinyamaza, ni mamlaka ya mawasiliano. Malalamiko yenye tarehe, saa, mahali na hesabu si rahisi kuyatupa. Mpimaji wa serikali ambaye gari lake halifiki bondeni anaweza kulipata bonde hilo katika barua yetu. Nchi hizi tatu pia zina mifuko ya kupeleka mawasiliano mahali ambapo biashara peke yake haipeleki, na mifuko hiyo huhitaji kujua mahali hapo ni wapi.

Kisha, mambo yakishatengenezwa, tupime tena. Marekebisho ambayo hayakupimwa ni ahadi nyingine tu juu ya ahadi ya kwanza.

Mchuma chai hakusomea uhandisi wa mizani, lakini anajua kilo yake. Na sisi tujue mtandao wetu hivyo hivyo: kwa namba, kwa saa, kwa mahali, na kwa sahihi ya mtu aliyekuwapo.